Acheni kufungulia FTP draivu zote!

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kuongezea mashine yenu kasi. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu, wale ambao kitu chochote kikikwama ofisini husemwa "aitwe yule kijana wa kompyuta".

Swali lenyewe mnalijua. Fundi amekabidhiwa seva ya Windows. Ndani kuna draivu C yenye Windows, draivu D yenye faili za kazi, na pengine E ya bakapu. Amewasha FTP, amejaribu kuingia akiwa nyumbani, akaona folda moja tupu. D haipo. E haipo. Anaandika CWD D:\ na seva inamjibu 550. Basi anauliza kila anayemjua: nitafikaje kwenye draivu zile zingine?

Majibu anayopewa ni matatu, na yote matatu yananikera. La kwanza: hamishia kila kitu kwenye C, kisha fanya C:\ yenyewe kuwa mzizi wa FTP. La pili: ingia kwenye folda ya ftproot, tengeneza viungo kwa amri ya mklink, kimoja cha C, kimoja cha D, kimoja cha E, kwisha maneno. La tatu, ambalo huja pale mambo yanapoendelea kukataa: mtie huyo mtumiaji kwenye kundi la Administrators. Na kweli, baada ya hapo kila kitu kinaonekana. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kila kitu kinaonekana!

Jibu la pili niliwahi kulitoa mimi mwenyewe. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Kwanza tuelewe ni kwa nini FTP haioni draivu, maana wengi hudhani ni kasoro ya Windows au ni ukaidi wa Microsoft. FTP ni kongwe kuliko Windows, ni kongwe kuliko hata MS-DOS. Abhay Bhushan wa MIT aliandika maelezo yake ya kwanza, RFC 114, Aprili 1971. Umbo tunalolitumia mpaka leo ni lile la RFC 959, ya Jon Postel na Joyce Reynolds, Oktoba 1985. Herufi za draivu zilitufikia kwa barabara nyingine kabisa: zilikuwa kwenye CP/M ya Gary Kildall miaka ya sabini, MS-DOS ikazirithi mwaka 1981, A na B zikiwa za disketi, na diski ngumu zilipokuja zikapewa C. Ndiyo maana mpaka leo tunaanzia C, ingawa wengi wanaosoma hapa hawajawahi kuishika disketi.

Sasa ukisoma amri za FTP utaona CWD, PWD, LIST, RETR, STOR, DELE na wenzao. Hakuna amri ya "niorodheshee draivu". Njia ya faili ni maneno tu, na seva inayafasiri inavyopenda. Programu nyingi za FTP zinatarajia mti mmoja unaoanza na alama ya /, kama ilivyo kwenye Unix. Windows haina mti mmoja. Ina miti kadhaa, kila draivu na wake. Kwa hivyo seva ya FTP ikikaa juu ya Windows inabidi ichague folda moja na kusema: huu ndio mzizi, juu yake hakuna kitu. Kwa IIS, ukiacha mambo yalivyo, folda hiyo ni C:\inetpub\ftproot.

Mimi nauita huo ukuta, na nashukuru upo. Jirani akija kuomba chumvi unampa chumvi. Humpi funguo za nyumba ajitafutie.

Mwaka 2023 niliitwa na kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Jina nitaliacha. Seva yao ilikuwa Windows Server 2016, imewekwa chini ya meza ya mhasibu juu ya katoni, feni inanguruma kama kisiagi. Mzee mwenye kampuni hakuniita kwa sababu ya usalama. Aliniita kwa sababu intaneti ilikuwa nzito usiku, na askari wa lango alilalamika kwamba kamera zinakatakata.

Nilidhani ni ruta. Nikaibadilisha, hakuna tofauti. Ndipo nikaangalia ni mashine gani inayotuma data usiku, nikakuta ni seva. Nikafungua logi za FTP, ziko kwenye C:\inetpub\logs\LogFiles ndani ya folda inayoanza na FTPSVC. (Kumbuka saa za logi hizo ni UTC, ongeza saa tatu upate saa za hapa. Mimi nilipoteza karibu saa nzima kwa kusahau hilo.) Kulikuwa na maelfu ya mistari ya PASS yenye 530, yaani neno la siri limekataliwa. Mashine fulani ilikuwa ikibahatisha, mchana na usiku, bila kuchoka. Kisha siku moja mstari wenye 230. Imeingia. Baada ya hapo LIST nyingi, mtu anatembea anaangalia vyumba. Halafu saa nane usiku, RETR, jina la faili linaloishia na .bak, na mwishoni 226. Imekamilika.

Ndani ya ftproot kulikuwa na folda tatu: c, d na e. Viungo. Mtumiaji wa FTP alikuwa ndani ya kundi la Administrators. Neno la siri lilikuwa jina la kampuni na 123 mbele yake. Faili iliyochukuliwa ilikuwa bakapu ya hifadhidata ya mishahara kutoka draivu E. Bakapu ya SQL Server usipoiwekea usimbaji, mtu yeyote mwenye programu hiyo anaifungua kwake bila kuulizwa neno lolote. Majina, nambari za vitambulisho, PIN za KRA, akaunti za benki, mshahara wa kila mmoja.

"Kijana, hiyo kitu ni ya picha za tovuti," mzee akaniambia. "Yule dada wa tovuti anapandisha picha za mabati na misumari. Nani ana haja na picha za misumari?"

Nikamgeuzia skrini. Alisoma jina la faili mara mbili, akanyamaza.

Haja yote ilikuwa hiyo, jamani. Picha za bidhaa, folda moja ndani ya D. Ili dada mmoja apandishe picha za misumari, fundi alifungua C, D na E kwa dunia nzima.

Nikamtafuta fundi. Kumbe ni mdogo wangu wa chuo, alikuwa nyuma yangu miaka miwili, kijana mzuri na mwenye bidii. Nilimpigia nikiwa nimepandisha mori, tayari kumfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Lakini kaka, si ni wewe uliniambia nifanye mklink?"

Na kweli. Mwaka 2020 alinipigia, mimi niko ndani ya matatu, akaniuliza jinsi ya kuifikia D kwa FTP. Nikamwambia mklink /J, halafu ikikataa ruhusa mpe uadmini, utarekebisha baadaye. Simu ya dakika mbili. Sikumuuliza anataka kufika D kufanya nini. Sikumuuliza nani mwingine ana akaunti hiyo. Nilitoa jibu la kitaalamu, nikajisikia mjuzi, nikashuka Ngara nikaendelea na shughuli zangu. Hiyo baadaye haikufika.

Ndiyo maana sitaki kusikia mtu akisema kosa ni la "mafundi wa mtaani". Kosa ni la sisi tunaojibu. Anayeuliza "nitaionaje D" hatujamsikia vizuri. Karibu kila mara anachotaka ni folda moja iliyo ndani ya D. Sisi tunamjibu alichosema badala ya anachohitaji.

Haya, tuseme ukweli kuhusu hivyo viungo, maana watu wanavisifu kama dawa. Kiungo cha mklink /J kwa macho ya FTP ni folda ya kawaida. FTP haina amri ya kufuta folda pamoja na vilivyomo. Programu iliyo kwako ndiyo inayoingia ndani, inaorodhesha, na kutuma DELE kwa faili moja moja mpaka folda iwe tupu. Sasa fikiria yule dada wa tovuti anaona folda inayoitwa d, haijui ni ya nini, anaifuta ili kusafisha. Kwake ni folda moja. Programu inapita kwenye kiungo na kuanza kumaliza draivu D yote, faili baada ya faili, kwa kila kilicho ndani ya ruhusa yake. Na kwa sababu ni admin, ruhusa yake ni karibu kila kitu. Kinachofutwa kwa FTP hakipitii Recycle Bin. Hapo hakuna hata mwizi. Ni mfanyakazi mwaminifu anayefanya usafi.

Na kuhusu kufanya C:\ kuwa mzizi: kama seva hiyo hiyo inaendesha tovuti kwa IIS yenye ASP.NET, basi anayeweza kuandika ndani ya C:\inetpub\wwwroot anaweza kupandisha faili ya .aspx na kuiita kutoka kwa kivinjari chake. Hapo hajabaki kusoma faili tu. Anaendesha programu yake kwenye seva yako. Umempa kiti na meza.

Njia ya halali ipo, ni ya miaka mingi, na haichukui robo saa. IIS inaiita Virtual Directory. Mimi nitaiita folda pepe. Ni jina ambalo seva inaliweka kwenye mti wa FTP, huku folda halisi ikiwa popote: D, E, hata kwenye mashine nyingine. Inampeleka mtu kwenye folda uliyoitaja, si kwenye draivu.

Tuchukue hizo picha. Tengeneza D:\Tovuti\Picha. Tengeneza akaunti mpya ya Windows, tuiite picha_ftp, neno la siri refu, na isiwe ndani ya Administrators hata kwa dakika moja ya majaribio. Kwenye folda hiyo, upande wa Security, ipe akaunti hiyo haki ya kusoma na kuandika hapo tu. Kisha kwenye IIS Manager, bofya tovuti yako ya FTP, ongeza folda pepe yenye jina picha inayoelekea D:\Tovuti\Picha. Mwisho, kwenye FTP Authorization Rules, ruhusu picha_ftp kusoma na kuandika. Lazima ruhusa zote mbili zikubaliane, ya FTP na ya NTFS. Moja ikikataa, imekataa. Wengi wanakwama hapa hapa, wanaona 550, wanakimbilia uadmini. Ndugu, rudi kwenye Security uangalie jina la akaunti. Mara nyingi umempa ruhusa mtu mwingine.

Kuna jambo moja linalofanya watu waseme folda pepe "haifanyi kazi". Ukishaitengeneza na kuingia, kwenye orodha huioni! Ipo, ukiandika cd picha inaingia, lakini LIST haiitaji. Nenda FTP Directory Browsing, weka alama kwenye Virtual directories. Basi. Enzi za Windows Server 2003 hakukuwa na kisanduku hicho. Ilibidi utengeneze folda tupu yenye jina lile lile ndani ya ftproot ili ionekane. Kuna mafundi wazee ambao mpaka leo wanatengeneza hiyo folda tupu kwa mazoea, na siwacheki, maana wao angalau walijua kuna folda pepe.

Ukitaka kufanya vizuri zaidi, mfungie mtumiaji nyumbani kwake kabisa. Ndani ya ftproot weka folda inayoitwa LocalUser, na chini yake folda pepe yenye jina lile lile la akaunti, picha_ftp, ikielekea D:\Tovuti\Picha. Kwenye FTP User Isolation chagua kutenga watumiaji kwa jina. Sasa dada akiingia, / yake ndiyo D:\Tovuti\Picha. Hajui kama kuna D. Hajui kama kuna C. Hana haja ya kujua. Swali la "nitaionaje D" limekufa lenyewe. Ukikosea jina utapata 530 ikikwambia folda ya nyumbani haifikiki. Angalia tahajia kabla ya kutukana mashine.

Wanaotumia FileZilla Server ndio hawana kisingizio hata kidogo. Kwenye matoleo ya kuanzia 1.0 kila mtumiaji ana mstari wa njia pepe na njia halisi. Andika / upande mmoja na D:\Tovuti\Picha upande wa pili. Mstari mmoja! Na bado nimekuta seva ambako mtu ameandika mistari mitatu, /c, /d na /e. Ukimuuliza anasema "itakuja kunisaidia siku moja".

Nigusie pia draivu za mtandao, kwa sababu swali hili huja kila mara likifuatana na lile. Fundi ameunganisha draivu Z kutoka mashine nyingine, anaiona vizuri kwenye skrini, lakini FTP inasema haipo. Si uchawi. Z ni ya kikao chako wewe ulipoingia. Huduma ya FTP inaendeshwa kwenye kikao chake na haijawahi kusikia habari za Z. Mpe njia kamili ya aina ya \\seva\folda, na kwenye folda pepe taja akaunti itakayotumika kuingia huko. Nimeona mtu akiacha seva imeingiwa na admin masaa ishirini na manne, skrini wazi, akitumaini Z "haitapotea". Mungu atusaidie.

Sasa wenye kubisha. Najua mnakuja.

Wa kwanza anasema kampuni ni ndogo, nani ataitafuta? Hakuna aliyeitafuta. Mashine zinapita kwenye anwani za intaneti moja baada ya nyingine zikigonga poti 21, na hazisomi kibao cha mlangoni. Zile mistari elfu za 530 hazikuwa za mtu aliyeichukia kampuni ya mabati.

Wa pili anasema mteja halipi muda wa kufanya hayo. Robo saa? Ulitumia muda gani kutafuta jinsi ya kuzunguka ukuta?

Wa tatu, huyu namheshimu zaidi, anasema: wewe unabishana kuhusu folda na FTP yenyewe imezeeka. Ni kweli. FTP ya kawaida inapeleka USER na PASS bila kificho. Aliye katikati ya njia anasoma kama gazeti. Debian walifunga seva zao za FTP za umma Novemba 2017. Firefox na Chrome zote ziliiondoa FTP mwaka 2021. Kama unaweza, hama. Kama seva ni ya zamani kama ile ya mzee, basi lazimisha FTPS, ile ya RFC 4217 ya mwaka 2005: weka cheti, chagua Require SSL, panga poti za passive na uzifungue kwenye faiawoli, maana mazungumzo yakishafichwa faiawoli haiwezi tena kuyasoma ili ijue ni poti gani ifungue.

Lakini sikilizeni, kuhama si toba. Kuanzia Windows Server 2019, OpenSSH inapatikana ndani ya Windows yenyewe kama sehemu ya kuongeza, na kwayo unapata SFTP. Mafundi wakaruka kwa furaha. Unajua kwa nini? Si kwa sababu ya usimbaji. Ni kwa sababu kwa SFTP ya Windows unaandika /D:/ na unafika D! Hatimaye draivu zote! Ugonjwa ni ule ule, umepanda gari jipya. Fungua C:\ProgramData\ssh\sshd_config, weka Match User ya akaunti hiyo, ChrootDirectory ya folda yake, na ForceCommand internal-sftp. Usipoweka mstari huo wa mwisho, akaunti inaweza kuomba skrini ya amri, na huko ChrootDirectory haimzuii kitu.

Na wale wa "hamieni Linux", kaeni kwanza. Huko mti ni mmoja, sawa, lakini nimeingia kwenye seva za Linux ambako akaunti ya mteja wa tovuti inaweza kupanda mpaka / na kusoma folda za wateja wengine wote. Hamna draivu, lakini mna mlango wazi ule ule.

Turudi kwa mzee. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema, data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, anayezimiliki ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data. Anayezishughulikia kwa niaba yake, yaani mtu kama mimi na wewe, anatakiwa amwarifu huyo mmiliki bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Mzee hakuwahi kusikia sheria hiyo. Nilimwambia nitaandika barua naye atie sahihi. Alifikiri kidogo, akauliza kama tukinyamaza nani atajua. Nikamwambia mimi nitajua. Hakufurahi, lakini alitia sahihi, na nitampa heshima yake kwa hilo.

Kisha ikabidi wafanyakazi waambiwe pia. Mzee akasema niongee mimi kwa sababu mimi ndiye ninayeelewa. Nikasimama stoo kati ya mabomba na magunia ya saruji, nikaeleza. Nilijaribu kutumia lugha nyepesi. Karani mmoja wa stoo, mama wa makamo, akainua mkono akaniuliza, "Mwanangu, nambari yangu ya kitambulisho iko wapi saa hii?"

Sikuwa na jibu. Neno la siri hubadilishwa kwa dakika moja. Nambari ya kitambulisho unakaa nayo maisha yako yote. Nilimwambia aende benki, aulizie akaunti yake, asimpe mtu yeyote nambari za siri kwa simu hata akijua jina na mshahara wake. Akasema asante. Ile asante ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mdogo wangu na mimi tulirudi pamoja Jumamosi iliyofuata, bila malipo. Viungo vyote vitatu tulivitoa kwa rmdir, amri inayoondoa kiungo chenyewe bila kugusa kilicho upande wa pili. (Usitumie del hapo, itaingia kwenye faili zenyewe.) Akaunti ya zamani tukaifuta, maneno ya siri ya admin tukabadilisha yote, bakapu zikaanza kusimbwa na kuhamishiwa diski ya nje. Seva tuliichunguza siku mbili, na mwishowe tukaisimika upya kabisa, kwa sababu mtu akishakuwa admin kwenye mashine yako huwezi kuapa kwamba ameondoka. Folda pepe moja. Akaunti moja. FTPS. Dada wa tovuti aliingia Jumatatu, akapandisha picha zake, akauliza tu kwa nini zile folda c, d na e zimeenda wapi, zilikuwa zinamchanganya.

Leo jioni kabla hujalala, ingia kwenye seva unayoisimamia kwa akaunti ya FTP ya mteja, si ya kwako. Andika cd / halafu dir. Ukiona Windows, Users na Program Files, funga poti 21 kwenye ruta kwanza, kisha soma tena pale nilipoeleza folda pepe. Ukiona folda zenye herufi moja moja, toa kwa rmdir. Na kama aliyekufundisha kuziweka ni mimi, nipigie. Simu ya mzee mwenyewe niliipokea wiki iliyopita, anataka aone draivu E akiwa nyumbani kwake. Nimemuuliza anataka kuona faili gani.